Mawe Yanayosema: Taarikh ya Mabamba na Nakshi za Mawe katika Misikiti na Majumba, na Funzo Lake kwa Waislamu wa Gitega na Muyinga

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeiumba milima akaifanya vigingi vya ardhi, na akamfundisha mwanadamu kuyachonga mawe akapata makazi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Sahaba zake wote.

Ama baad. Jambo linaloelezwa katika kurasa hizi ni khabari ya mawe yanayopambwa ndani ya nyumba: mawe ya kuchongwa, na mabamba ya marumaru yanayobandikwa ukutani au kutandikwa sakafuni. Huenda mtu akauliza, khabari hii inawahusu nini watu wa Gitega na Muyinga, ambao babu zao walisali katika misikiti ya udongo na nyasi? Jawabu ni kwamba inawahusu sana, na kwa sababu mbili. Ya kwanza, leo mabamba hayo yanapita katika njia zao yakiwa juu ya magari, na kila jamaa inayojenga msikiti hujiuliza kama iyanunue. Ya pili, ambayo ni kubwa zaidi, ni kwamba jiwe lililochongwa vizuri limewahifadhia watu wa pwani taarikh yao, na kukosekana kwa jiwe hilo kumewapotezea watu wa bara sehemu kubwa ya taarikh ya kwao.

MSIKITI WA MADINA

Mwanzo wa mambo yote haya ni Madina. Imepokewa kutoka kwa Abdullahi bin Umar (R.A.), katika Sahihi ya Bukhari, kwamba msikiti wa Mtume ulijengwa kwa matofali mabichi, sakafu yake ya juu ilikuwa makuti ya mtende, na nguzo zake magogo ya mtende. Sayyidna Abubakar hakuongeza kitu. Sayyidna Umar aliupanua, lakini akaujenga kwa matofali na makuti yale yale, na akamwambia mjenzi awakinge watu na mvua, wala asitie rangi nyekundu wala manjano ikawashughulisha watu katika sala. Alipokuja Sayyidna Uthman, katika mwaka 29 wa Hijra, karibu na mwaka 650 Miladia, alizijenga kuta kwa mawe yaliyochongwa na kwa chokaa, nguzo akazifanya za mawe yaliyochongwa, na juu akaezeka kwa msaji.

Katika khabari hii fupi mna hoja zote mbili ambazo wanavyuoni wamekuwa wakizijadili tangu zama hizo. Upande mmoja upo uzito wa sala: Mtume mwenyewe alilivua vazi lenye nakshi baada ya kusali, akalirudisha kwa aliyempa, kwa kuwa nakshi zake zilimshughulisha. Upande wa pili upo uimara wa jengo na heshima ya mahali pa ibada. Sayyidna Uthman hakutia mawe kwa kujifakharisha. Watu walikuwa wamezidi, na magogo ya mtende huoza. Basi kipimo kilichobaki ni hiki: jiwe likiimarisha na kuheshimu, ni jema, likimvuta mwenye kusali macho na moyo, au likamnyima maskini haki yake, limetoka katika njia.

MARUMARU YA SHAMU

Dola ilipopanuka, Waislamu walikutana na mafundi wa Shamu na wa Rumi, waliokuwa wakijua kazi ya mabamba tangu zamani. Qubbatu Ssakhra ya Baitul Muqaddas, iliyokamilika mwaka 72 wa Hijra (691 Miladia) katika zama za Abdulmalik bin Marwan, ilivikwa ndani mabamba ya marumaru kutoka chini hadi kimo kirefu. Mwanawe al-Walid, aliyetawala tangu 705 hata 715, aliupamba msikiti wa Damaski vivyo hivyo.

Ustadi wa kazi ile ni wa kustaajabisha, nao ungali ukitumika mpaka leo. Fundi huchukua pande moja la marumaru lenye mishipa, akalipasua kwa msumeno likawa mabamba mawili membamba, kisha akayafungua kama mtu afunguavyo msahafu, akayaweka ubavu kwa ubavu. Mishipa ya bamba la kulia huitikiana na ya kushoto, ikatokea sura iliyolingana sawasawa, wala hapana mkono wa mtu ulioichora. Kwa hivyo msikiti hupata pambo lisilokuwa picha ya chochote chenye roho. Ni kazi ya Muumba iliyokuwa imefichika ndani ya jiwe, na fundi ameifunua tu.

MATUMBAWE YA PWANI YETU

Katika pwani ya Waswahili hapakuwa na marumaru. Lakini Mwenyezi Mungu aliwapa matumbawe. Mafundi waashi wa pwani walikuwa wakiyatumia ya namna mbili. Yale ya nchi kavu, yaliyogandamana tangu dahari, ni magumu na yana matundu. Hayo yalikuwa ya kujengea kuta. Yale yaliyokatwa chini ya maji ni laini yanapotoka baharini, hata huchongeka kwa tezo na tindo kama mti. Yakikaa hewani hukauka yakawa magumu. Hayo ndiyo yaliyotengwa kwa mihrabu, kwa vizingiti vya milango, na kwa nakshi. Vipande vilivyobaki havikutupwa: vilipangwa juu ya magogo, vikachomwa vikawa chokaa, na chokaa ikaachwa muda mrefu ipoe ndipo itumiwe.

Mfano ulio mashuhuri ni msikiti wa Kizimkazi, kusini ya Unguja. Ndani yake, upande wa kibla, yapo maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, na katika maandishi hayo imeandikwa tarehe: mwezi wa Dhul Qaada, mwaka 500 wa Hijra, ndio mwaka 1107 Miladia. Msikiti wenyewe ulijengwa upya katika karne ya kumi na nane, na mtu aupitaye njiani huona jengo la kawaida lenye paa. Lakini wale waliojenga upya hawakulivunja jiwe la wazee wao. Walilihifadhi mahali pake penye heshima, na kwa sababu hiyo leo hakuna mwenye elimu anayeweza kukana kwamba Uislamu ulikuwa na jamaa iliyosimama Unguja zaidi ya miaka mia tisa iliyopita. Ushahidi wote huo umebebwa na ukuta mmoja wa jiwe.

Kilwa Kisiwani nako ni hivyo hivyo. Msikiti mkuu wake ulianza katika karne ya kumi na moja au ya kumi na mbili, ukapanuliwa katika karne ya kumi na nne, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ibn Battuta, msafiri kutoka Maghribi, alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji na akamsifu Sultani wake kwa ukarimu na kwa kuwaheshimu masharifu. Jumba la Sultani huyo, liitwalo Husuni Kubwa, lilikuwa na vyumba zaidi ya mia na birika la kuogea lenye pembe nane. Katika miaka ya 1960 Neville Chittick alipochimba katika magofu hayo, lilipatikana jiwe lililochongwa jina la al-Hasan bin Sulaiman. Vitabu vilikuwa vimemtaja. Sasa nyumba yake mwenyewe ikamshuhudia. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalitiwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 1981.

Katika nyumba za watu, Lamu na Pate ndiko kulikokuwa na uzuri uliotimia, khasa katika karne ya kumi na nane. Katika chumba cha ndani kabisa, ukuta mzima ulijengwa zidaka, safu juu ya safu, zikapakwa chokaa laini na kuchongwa nakshi, na ndani yake zikawekwa sahani za Kichina na vyombo vya thamani. Nje ya nyumba hizo ukuta ulikuwa mtupu, hauna pambo ila mlango. Waswahili walikuwa na adabu hiyo: uzuri ni wa ndani, kwa wenye nyumba na mgeni aliyekaribishwa, wala si wa kumtia jirani wivu.

Marumaru ilikuja pwani kwa jahazi, ikiwa bidhaa ya thamani. Mjini Khambhat, katika Gujarati, mafundi wa Kiislamu walikuwa wakichonga mawe ya makaburi kwa khati nzuri, na kazi zao za karne ya kumi na nne na kumi na tano zimeonekana kuanzia Sumatra mpaka Arabuni na pwani ya Afrika Mashariki. Mogadishu, msikiti wa Fakhruddin una maandishi ya mwaka 667 wa Hijra (1269 Miladia), na marumaru imo katika mapambo yake. Zama zilizofuata, Sayyid Barghash bin Said alipojenga Beit al-Ajaib mjini Unguja mwaka 1883, alitandika sakafu za marumaru. Jumba hilo lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, liwe onyo kwa kila mwenye kudhani kwamba jiwe halihitaji kutunzwa.

UISLAMU UNAPANDA BARA BILA JIWE

Sasa tuje Burundi. Waislamu wa mwanzo walikuja kwa njia ya Ujiji na ziwa la Tanganyika, katika karne ya kumi na tisa, wakiwa Waarabu na Waswahili wa misafara. Walikaa kando ya ziwa, mahali kama Rumonge na Uzige. Milimani hawakuweza kupanda kwa nguvu: Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alijaribu kutoka Ujiji, na Mwami Mwezi Gisabo akamzuia. Baada ya Mwezi Gisabo kupatana na Wajerumani mwaka 1903, na khasa baada ya Wajerumani kuifanya Gitega boma lao kuu mwaka 1912, ndipo njia ilipofunguka. Serikali ya Kijerumani ilikuwa ikitumia Kiswahili katika kazi zake, na pamoja na maboma walikuja askari, makarani, mafundi na wachuuzi waliokuwa wakisema lugha hiyo, na wengi wao walikuwa Waislamu. Hivyo ndivyo Kiswahili na adhana vilivyoshika makao milimani, Gitega katikati ya nchi, na Muyinga kaskazini mashariki, karibu na njia ya kwenda Tanganyika. Wabelgiji walipoitwaa nchi mwaka 1916 waliwakuta Waislamu wamekwisha kukaa.

Watu hao walipanda na msahafu, kanzu, na daftari la biashara. Jambo moja hawakuweza kupanda nalo: jiwe la pwani. Nani angelipandisha pande la matumbawe kichwani mpaka Gitega? Na nyumba za Burundi za zama hizo zilikuwa za miti, matete na nyasi, zilizosukwa kwa ustadi mkubwa. Jiwe liliingia nyumbani likiwa jiwe la kusagia au mafiga matatu ya jikoni. Waislamu wakajenga kama wenyeji walivyojenga, kisha kwa udongo, kisha kwa matofali ya kuchoma yalipoenea, msingi wa mawe chini na bati juu. Wala hapana aibu katika hilo. Msikiti wa Madina nao ulikuwa wa matofali mabichi.

Lakini hasara ilikuwapo, nayo ndiyo iliyosababisha maneno haya kuandikwa. Nyumba ya udongo huvunjwa na kujengwa tena, na kila inapovunjwa khabari yake huondoka na vumbi lake. Wazee wasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mtoto wa Kizimkazi anaweza kusimama mbele ya kibla na kuonyeshwa kwa kidole mwaka ambao msikiti wake ulijengwa, karne tisa nyuma. Mtoto wa Gitega au Muyinga, ambaye Uislamu wa mji wake haujatimiza hata karne moja na nusu, humtegemea mzee aliyesikia kwa mzee. Mzee huyo akifa, nani atasema ni nani aliyetoa kiwanja, nani aliyefyatua matofali, na nani aliyeadhini siku ya kwanza? Jambo la ajabu ni hili: la mbali limehifadhika, na la karibu linapotea.

MABAMBA YA ZAMA ZETU

Gitega imekuwa mji mkuu wa siasa wa Burundi tangu mwaka 2019, na majumba yanazidi kujengwa. Bidhaa nyingi za nchi huja kwa bandari ya Dar es Salaam, na njia kubwa huingilia Kobero, upande wa Muyinga. Misikiti nayo inafanywa upya. Basi ni vyema jamaa ijue inachokinunua.

Kwanza, majina yanachanganya. Madukani neno marumaru hutumiwa hata kwa vigae vya kiwandani, ambavyo wengine Burundi huviita makaro. Kigae ni udongo uliookwa na kupakwa rangi. Marumaru ya kweli ni jiwe lililokatwa mlimani, na hakuna mabamba mawili yaliyo sawa. Graniti nalo ni jiwe jingine, gumu zaidi. Mwenye kununua na aulize, asije akalipa bei ya jiwe akapewa kigae.

Pili, marumaru huharibiwa na ukali. Maji ya ndimu au siki yakilidondokea huondoa mng'ao wake, na alama haifutiki kwa sabuni. Graniti huvumilia zaidi, na kwa hiyo lafaa zaidi jikoni na mahali penye maji mengi.

Tatu, jiwe ni zito. Mita moja ya ujazo ya marumaru ina uzito wa kilo 2,700 hivi. Bamba la unene wa sentimita mbili, kwa kila mita moja ya mraba, ni kilo 54. Ukuta wa urefu wa mita nne na kimo cha mita tatu utabebeshwa kilo karibu 650. Ukuta wa matofali mabichi hauwezi mzigo huo, na hata wa matofali ya kuchoma wahitaji fundi ajuaye kulishika bamba kwa vyuma na si kwa saruji peke yake. Bamba likimwangukia mwenye kusujudu, pambo limegeuka msiba.

Nne, jiwe lililong'arishwa huteleza likiloa. Mahali pa kutawadhia, ambapo wazee huenda alfajiri na miguu yao imeloa, pasitandikwe bamba la kung'ara hata kidogo. Jiwe lililoachwa na ukwaru wake ndilo lenye huruma. Katika Msikiti Mtukufu wa Makka, mawe meupe ya Thassos, kutoka Ugiriki, yametandikwa kwa sababu hayashiki joto la jua, ili nyayo za wenye kutufu zisiungue. Huo ndio uchaguzi wa busara: jiwe limetafutwa kwa ajili ya raha ya mwenye ibada.

NINI KIFANYWE

Kutokana na taarikh hii linapatikana funzo lenye utaratibu. Msikiti kwanza unahitaji paa lisilovuja, maji ya udhu, na mahali pa watoto kusoma. Fedha za wakfu zilizotolewa kwa ajili ya madrasa hazigeuzwi kuwa mabamba ya ukutani, hata yawe mazuri namna gani; sharti la mtoaji hufuatwa. Haja hizo zikitimia, na jamaa ikataka kupamba, mfano wa wazee wa pwani upo: hawakupamba msikiti mzima. Kuta waliziacha nyeupe kwa chokaa, na ustadi wao wote wakauweka katika mihrabu, mahali pamoja, ili uonyeshe kibla na usimshughulishe mtu.

Na si lazima jiwe hilo litoke ng'ambo. Milima ya Burundi ina vilele vya mawe magumu, na kila fundi wa Gitega na Muyinga huyatia mawe ya nchi yake katika misingi kila siku. Jiwe lililofaa kubeba nyumba litashindwaje kubeba maandishi? Bamba moja tu, lisilozidi upana wa mikono miwili, lenye mwaka wa Hijra na wa Miladia ambao msikiti ulijengwa, na mwaka uliofanywa upya, lawekwa karibu na mlango au upande wa kibla mahali pasipokuwa mbele ya macho ya wenye kusali. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kuta nne za marumaru, na faida yake yadumu zaidi.

Lakini kabla ya fundi kushika tindo, sharti karani ashike kalamu. Wazee walio hai waulizwe sasa, kila mmoja peke yake, na maneno yao yalinganishwe. Hati za viwanja zitafutwe masandukuni. Na yale yasiyothibiti yasichongwe, kwani uongo ukichongwa katika jiwe huwa mgumu kama jiwe lenyewe. Na msikiti wa zamani unapovunjwa, liwekwe angalau tofali lake moja, au mlango wake, au ubao wake, kama watu wa Kizimkazi walivyoliweka jiwe lao.

Waliochonga maneno yale ya mwaka 500 hawakuijua Gitega wala Muyinga. Walikuwa watu wachache katika kijiji cha pwani, wanaovua na kulima, wakasimamisha kibla chao na kuandika siku yake. Ndoto ya kusomwa baada ya miaka mia tisa huenda haikuwapitia. Waislamu wa milimani nao ni wachache katika nchi yao. Uchache haukuwazuia wale, wala hauwazuii hawa.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, ambao majina yao hayakuandikwa kwa wanadamu lakini yameandikwa kwake, na awajaalie waliobaki kuwa wenye kujenga kwa nia safi na wenye kuhifadhi amana. Amin.